Namna ya kupatana bei na dila ukinunua pikapu mpya Marekani

Wengi wetu tumekulia kwenye kupatana bei. Kariakoo, Gikomba, Kadutu kule Bukavu, kote huko bei inatajwa na wewe unashusha, kwa hiyo mtu anaingia kwa dila, yaani kampuni inayouza magari, kule Texas au Ohio akijiamini kabisa kwamba kubageni anakujua. Na kweli anakujua. Shida ni kwamba Kariakoo mnapatana kitu kimoja tu, ukishalipa umeondoka nacho, ila kwa dila wa Marekani kuna biashara nne zinaenda kwa mpigo mmoja: bei ya gari jipya, bei ya gari lako la zamani, mkopo, na vile vikorokoro vya kuongezea. Muuzaji anaweza kukuachia ushinde kwenye moja halafu akarudisha hela yake yote kwenye zile tatu na wewe unaondoka unashukuru.

Kwa hiyo shika namba moja tu, jumla yote mpaka gari linatoka getini, yaani bei pamoja na kodi, usajili na ada zao zote. Wao wanaiita "out the door", na hilo ndilo neno la kuwatajia kwa Kiingereza maana wanalielewa hapohapo. Huku chini nitaiita bei ya getini. Kila kitu ninachoelekeza ni namna ya kuipata hiyo namba kwa maandishi kabla hujakanyaga yadi yao.

Nazungumzia pikapu mpya, na mifano mingi nitatoa ya Texas kwa sababu huko ndugu zetu ni wengi, Dallas, Houston, Amarillo, na pikapu ndio gari la kazi. Usiende unatafuta Hilux, haiuzwi huku, tangu 1964 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nchi nyingi za nje na ndio maana Toyota wanakuuzia Tacoma na Tundra. Mkubwa wa soko ni Ford F-150, halafu Chevrolet Silverado na Ram 1500.

Kabla ya bei, amua toleo. Hapa watu wanapoteza hela kuliko hata kwenye mabishano na muuzaji, maana pikapu ileile inauzwa kwa matoleo mengi na kutoka la chini kwenda la juu tofauti inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Kama kazi yako ni kubeba vifaa, kukata majani, kuvuta trela, basi F-150 XL, Silverado WT au Ram Tradesman inafanya kazi hiyohiyo bila viti vya ngozi. Kaa nyumbani, andika toleo, injini, idadi ya milango, fowili au hapana, halafu usibadilishe ukiwa yadini. Muuzaji akikwambia hiyo hatuna ila tunayo hii nzuri zaidi, jua anakusogeza kwenye gari analotaka kuliondoa yeye.

Kwa Texas kuna kitu kizuri sana ambacho wageni hawakijui, sheria inamkataza dila kufungua Jumamosi na Jumapili zote mbili, na wengi wanafunga Jumapili. Nenda Jumapili. Yadi ziko wazi tu kwa nje, hakuna mtu wa kukufuatafuata, unazunguka na mkeo au ndugu yako mnaangalia taratibu, unapiga picha stika ya kila pikapu unayoipenda. Hiyo stika ya kiwandani dirishani inatokana na sheria ya mwaka 1958 na ina bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, vitu vyote vilivyomo, gharama ya kulisafirisha gari mpaka kwa dila, na mahali lilipounganishwa. Gharama ya usafiri kwa pikapu kubwa siku hizi ni kama dola 2,000 au zaidi na haipunguzwi hata ukiishi jirani na kiwanda, lakini tayari imo ndani ya jumla ya stika, kwa hiyo ukiiona tena kwenye karatasi ya dila umetozwa mara mbili.

Pembeni yake mara nyingi kuna stika ya pili. Hiyo ni ya dila mwenyewe. Utakuta ameandika rangi ya kinga, hewa ya naitrojeni kwenye matairi, namba ya chesisi kuchorwa kwenye vioo, kifaa cha kufuatilia gari likiibwa, na wakati mwingine mstari mmoja tu umeandikwa ni marekebisho ya soko, dola elfu kadhaa, kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Naitrojeni! Hewa hii tunayovuta bure asilimia 78 yake ni naitrojeni. Stika ya pili yote ni ya kupatana, na mimi nasema anza kwa kuikataa nzima.

Ukiwa hapohapo, kama mlango uko wazi au siku ukija kuliendesha, angalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinaonyesha mwezi na mwaka gari lilipotengenezwa. Dila hajalipa magari yote hayo kwa hela yake, amekopa, na kila siku gari likikaa yadini riba inamla. Pikapu iliyotengenezwa miezi saba nyuma na bado imekaa inampa presha kuliko ile iliyoshushwa juzi, na mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili magari ya mwaka unaofuata yakianza kuingia hiyo presha inaongezeka. Mwisho wa mwezi nao unasaidia maana wana malengo ya kufikisha, ila usiutegemee peke yake.

Sasa mkopo. Utafute kabla ya gari, tafadhali, hili nasema kwa uchungu kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi, hasa waliofika karibuni. Nenda kredit yunioni, hizi ni kama sakosi kwa huku, omba wakupe idhini ya mkopo yenye kiasi na riba iliyoandikwa, jaribu mbili au tatu, na usiogope kwamba skoo yako ya kredit, yaani alama ya jinsi unavyolipa madeni, itaporomoka kwani maombi ya mkopo wa gari yakifanyika ndani ya siku 14 FICO, kampuni inayopiga hesabu ya skoo hizo, inayahesabu kama ombi moja. Zipo hata zinazowapokea wenye ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security) na wasio na historia ndefu ya kredit.

Kwa nini iwe kabla? Kwa sababu dila naye anatafuta mkopo kwa niaba yako kwenye mabenki, benki inaweza kumwambia huyu tunampa kwa asilimia 7, yeye akakuandikia 9 na tofauti anagawana na benki. Ni halali, na hakuna atakayekuambia. Piga hesabu: mkopo wa dola 48,000 kwa miezi 60, kutoka asilimia 7 mpaka 9 unalipa zaidi ya dola 2,700 za ziada, yaani ile dola 1,500 uliyobishania jasho likikutoka wameichukua na nyingine juu. Ukiwa na karatasi ya kredit yunioni mkononi unamwambia hii ndiyo riba yangu, ukiishinda nachukua yako, na mara nyingi anaishinda kweli, basi chukua yake.

Na muda wa mkopo ndio mtego mkubwa kabisa. Swali la kwanza la muuzaji litakuwa unataka ulipe ngapi kwa mwezi? Usijibu. Kabisa. Ukisema 750 atahakikisha inatoka 750 kwa namna yoyote, anavuta tu miaka. Dola 48,000 hizohizo kwa asilimia 7: ukilipa miezi 60 rejesho ni kama 950 kwa mwezi, miezi 84 ni kama 725, inaonekana nafuu, lakini jumla ya miezi 84 inazidi ya miezi 60 kwa karibu dola 3,800, na miaka saba ya kazi nzito pikapu itakuwa imechoka na wewe bado unadaiwa. Jibu la kumpa ni moja tu, rejesho nitaliangalia na kredit yunioni yangu, wewe nipe bei ya getini.

Wakati mwingine kiwanda kinatoa uchague, riba sifuri au punguzo la pesa taslimu. Usichague kwa hisia, chukua kalamu. Mfano, dola 48,000 kwa riba sifuri miezi 60 ni 800 kwa mwezi, jumla 48,000. Ukichukua punguzo la 3,000 ukakopa 45,000 kwa asilimia 6, rejesho ni karibu 870 na jumla inafika kama 52,200. Hapo sifuri imeshinda kwa mbali. Punguzo likiwa kubwa na mkopo wako mdogo, jibu linaweza kugeuka. Na kwa ndugu Waislamu wanaokwepa riba, hizi ofa za sifuri zinafaa kuulizia kwa masheikh wenu na kusoma mkataba wote kabla, maana zipo zenye masharti ya kuchelewa kulipa. Ukiwa unalipa keshi kabisa pia usiitangaze mapema, dila anahesabu faida ya mkopo na ukimwambia hakuna mkopo anabana kwenye bei.

Turudi kwenye bei yenyewe. Kuna bei ya stika, na kuna bei ya invoisi ambayo dila anaandikiwa na kiwanda, tovuti za bei za magari kama Edmunds zinakusaidia kuikadiria. Wauzaji wanapenda kukuonyesha invoisi wakisema angalia, nakuuzia kwa hasara. Si hasara. Watengenezaji wengi wanamrudishia dila kiasi fulani gari likishauzwa, kwa kawaida asilimia 2 au 3, na juu ya hapo kuna bonasi za kufikisha idadi. Chukua pikapu ya mfano, stika 52,000, invoisi 49,500, marejesho ya asilimia 3 ya stika ni 1,560, maana yake gari limemgharimu dila chini ya 48,000. Kama kiwanda kimetoa punguzo la 2,000 kwa mnunuzi hiyo ni hela ya kiwanda, si ya dila, inatoka baada ya dila kupunguza chake. Kwa hiyo kwa pikapu hiyo ukifika 46,000 na kitu mpaka 47,500 kabla ya kodi, umepata bei ya haki, dila amekula kidogo na wewe hujaumia. Kwa magari yanayogombewa kama F-150 Raptor hesabu hii haifanyi kazi, hapo ukipata kwa bei ya stika chukua ushukuru.

Sasa sehemu ya kupatana. Usiende. Andika imeli.

Nina sababu mbili. Ya kwanza, yadini wana muda na wewe huna, watakukalisha saa nne, watoto wana njaa, kila dakika muuzaji anaenda kumuuliza meneja, na mtu aliyechoka anasaini chochote. Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1991 profesa Ian Ayres alichapisha utafiti uliofanywa kwa madila wa Chicago, waliwatuma watu weupe na weusi, wanaume na wanawake, wakiwa wamefundishwa kusema maneno yaleyale kwa mtindo uleule wa kupatana, na watu weusi wakatajiwa bei za juu kuliko wanaume weupe kwa gari lilelile. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata miaka michache baadaye ukakuta jambo hilohilo. Kwenye imeli hakuna anayeona rangi yako wala kusikia lafudhi, na Kiingereza chako unaweza kukikagua mara tatu kabla ya kutuma au ukampa mwanao aliyesomea huku akisafishe. Kwa watu wetu hii ni silaha, itumieni.

Tafuta madila sita au saba wenye toleo unalotaka, usiishie mjini tu, wa miji midogo umbali wa saa mbili mara nyingi wana bei nzuri. Ingia tovuti zao, chukua namba ya gari husika, muandikie meneja wa mauzo ya intaneti. Sema unataka pikapu namba fulani, uko tayari kununua wiki hii, huna gari la kubadilishana kwa sasa, mkopo unao, na unaomba bei ya getini iliyochanganuliwa mstari kwa mstari kwa zip kodi yako (namba ya posta ya unakoishi), bila vitu vya stika ya pili. Mwambie pia kwamba umewaandikia wengine na utanunua kwa mwenye bei ya chini. Basi. Usieleze habari za familia wala umeipenda kiasi gani.

Jibu watakaloleta wengi ni njoo tuongee, au watakupigia simu. Waandikie tena mara moja kwa adabu kwamba unahitaji kwa maandishi. Anayekataa mara ya pili mwache, amekuonyesha tabia yake mapema. Katika sita, watatu au wawili watakupa namba. Hapo chukua ile ya chini, mpelekee wa pili, mwambie nimepewa 50,300 mpaka getini, ukinipa 49,700 nakuja leo na karatasi ya benki. Sema kweli, usitunge ofa, wanaomba ushahidi na ukiwa nayo unaituma. Akishuka, mrudie wa kwanza mara moja. Mizunguko miwili inatosha, usiwavute watu wiki nzima kwa dola 100.

Kwenye mchanganuo soma kila mstari. Kodi ya mauzo ya gari Texas ni asilimia 6.25, usajili na plet ni za serikali, hizo hazipungui. Ada ya makaratasi ni ya dila, California sheria imeiwekea kikomo kidogo sana, Florida haina kikomo na inaweza kuzidi 1,000, na hata kama wanasema tunamtoza kila mtu sawa, wewe unaangalia bei ya getini, ishushwe kwenye bei ya gari basi. Texas utaona pia mstari wa kodi ya magari yaliyopo yadini, hiyo ni kodi ya mali ya dila mwenyewe anakusukumia wewe. Inajadilika.

Gari la zamani ulilizuia makusudi mpaka hapa. Bei ikishaandikwa ndio unalitaja, ukiwa tayari umeshapata ofa za nje, CarMax, kampuni inayonunua magari yaliyotumika, wanakupa bei ya maandishi inayodumu siku saba. Hapa kuna hesabu watu hawaifanyi: Texas na majimbo mengi, ukimwachia dila gari lako unalipa kodi kwenye tofauti tu. Gari la 12,000 linakuokolea dola 750 za kodi, kwa hiyo wa nje akikupa 12,500 na dila 12,000, dila ndiye bora. California haiko hivyo, huko unatozwa kodi kwenye bei nzima.

Siku ya kwenda, nenda na mtu. Asiyenunua ndiye anayeona vizuri. Wakikutolea karatasi yenye viboksi vinne, bei, gari la zamani, kianzio na rejesho, usiijaze, waonyeshe imeli yao. Namba ikibadilika hata kidogo uliza sababu, na ukiona wanazungusha maneno amka uondoke kwa salamu nzuri. Mara nyingi simu inaita kabla hujafika barabara kuu, isipoita bado una yule wa pili.

Halafu ofisi ya fainansi. Hapa ndipo watu wanapumua wakidhani yamekwisha, na ndipo dila anapotengeneza faida nzuri. Utaulizwa kuhusu waranti ndefu, bima ya GAP inayolipa pengo gari likiharibika kabisa huku unadaiwa zaidi ya thamani yake, kinga ya rangi, kinga ya matairi, na utatajiwa kama ni dola 18 tu kwa mwezi. Dola 18 kwa miezi 72 ni 1,296. GAP ina maana kama umeweka kianzio kidogo, lakini kampuni yako ya bima au kredit yunioni huwa wanaiuza kwa bei ndogo sana. Ukiambiwa benki imekataa mkopo mpaka uchukue waranti, omba waandike hivyo kwa maandishi na wasaini, utaona wanavyobadilisha wimbo.

Soma mkataba kabla ya kusaini hata wakinuna, kiasi kinachokopwa, riba, miezi, jumla. Kuna imani imeenea kwamba una siku tatu za kurudisha gari. Hakuna, ile sheria ya siku tatu ya serikali kuu haihusu gari ulilonunua kwa dila ofisini kwake, ukisaini ni lako. Na usiondoke na gari kama mkopo haujaidhinishwa kabisa, kuna mchezo wa kukuachia uende nalo, umeshawaonyesha watu, umeshapiga picha, baada ya wiki wanakuita kwamba benki imegoma njoo usaini riba nyingine ya juu. Ukitumia mkopo wa kredit yunioni mchezo huo haupo.

Kama pikapu imeunganishwa Marekani, kwa mfano F-150 au Tundra, na ni ya matumizi binafsi, weka stika yake vizuri. Kwa mikopo ya kuanzia 2025 mpaka 2028 serikali inaruhusu kutoa kwenye kipato kinachotozwa kodi riba uliyolipa, mpaka dola 10,000 kwa mwaka, ila ukizidi kipato cha dola 100,000 kwa asiye na mwenza faida inaanza kupungua. Tacoma inatoka Mexico, haimo.

Chochote walichokuahidi kwa mdomo, ufunguo wa pili, kava la bodi, tanki kujazwa, kiandikwe na kisainiwe kabla hujapokea ufunguo. Na kama umeshanunua mwezi huu na unasoma hapa ukiwa na waranti ndefu au GAP uliyobambikizwa, fungua mkataba wake leo, tafuta ukurasa wa kusitisha, nyingi zinakuruhusu kufuta na kurudishiwa hela yote ukiwahi ndani ya siku 30 au 60, baada ya hapo unarudishiwa sehemu. Waandikie wote wawili, dila na kampuni ya waranti, hifadhi nakala, na jua hela itarudi kwenye mkopo, si mfukoni mwako.